Kifaa cha Kusikia cha Nyuma ya Sikio: Faida, Upungufu na Masharti ya Kumfaa Mgonjwa

Utangulizi

Si jambo geni kwa mhudumu wa afya anayetembelea kaya kuoneshwa kifaa cha kusikia kilichofungwa ndani ya leso na kuhifadhiwa kabatini pamoja na vyeti na stakabadhi. Mwenye nacho alipimwa, akapewa, akakivaa kwa wiki mbili au tatu, kisha akakivua. Akiulizwa sababu, hutaja mojawapo ya chache zinazojulikana: kilikuwa kinapiga mluzi, betri ziliisha na dukani hazipatikani, kilimuumiza sikio, au kilimletea makelele badala ya maneno. Kila moja ya sababu hizo ina maelezo katika taaluma ya usikivu, na karibu zote zina ufumbuzi. Tatizo ni kwamba ufumbuzi huo mara nyingi haukuandaliwa siku kifaa kilipotolewa.

Katika Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 430 duniani, wakiwamo watoto milioni 34, wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma za utengamao. Wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na ni sehemu ndogo tu ya wanaohitaji vifaa vya kusikia ndio wanaovitumia. Kwa hiyo kifaa kinachokaa kabatini ni hasara mara mbili: mwenyewe hasikii, na mwingine aliyekihitaji amekikosa.

Makala hii inachambua aina moja ya vifaa hivyo, yaani kile kinachovaliwa nyuma ya sikio, ambacho wengi nchini Tanzania hukifahamu kwa jina la shimesikio. Inaeleza namna kinavyofanya kazi, faida zake, upungufu wake, na mambo ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuyapanga pamoja ili kifaa kidumu sikioni.

Kifaa kilivyo na kinavyofanya kazi

Kifaa cha nyuma ya sikio kina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kasha dogo lililopinda, lenye umbo linalokaribia la korosho, ambalo hukaa kati ya sikio na kichwa. Ndani ya kasha hilo kuna maikrofoni inayopokea sauti, kikuza sauti kinachoichakata na kuiongezea nguvu, spika ndogo inayoitoa, pamoja na betri. Sehemu ya pili ni mrija laini na mwangavu unaopita juu ya sikio na kuisafirisha sauti. Sehemu ya tatu ni kizibo cha sikio, ambacho katika kliniki huitwa moldi, kinachotengenezwa kwa kufuata umbo la mfereji wa sikio la mgonjwa husika.

Vifaa vya sasa, ambavyo vingi ni vya kidijitali, haviongezi sauti zote kwa kiasi kimoja. Mtaalamu wa usikivu huviweka kwa kompyuta kulingana na matokeo ya kipimo cha mgonjwa, ili sauti zilizopotea zaidi ziongezwe zaidi na zile zinazosikika vizuri ziachwe karibu na zilivyo. Hapa ndipo kifaa cha tiba kinapotofautiana na vikuza sauti vya bei nafuu vinavyouzwa madukani na mitandaoni, ambavyo huvaliwa nyuma ya sikio vilevile. Kikuza sauti hupandisha kila kitu, mlio wa sahani na neno la mjukuu kwa pamoja, na huweza kutoa sauti kubwa kiasi cha kudhuru usikivu uliobaki. Kufanana kwa umbo kusimdanganye mgonjwa.

Jambo moja lapaswa kueleweka tangu mwanzo: kifaa hakirudishi sikio la awali. Katika upotevu wa usikivu unaotokana na sikio la ndani, kama ule unaoletwa na umri, kelele za muda mrefu, homa ya uti wa mgongo au dawa zenye sumu kwa sikio kama gentamisini, sauti haipungui ukubwa tu, bali hupoteza pia uwazi. Kifaa hurejesha ukubwa. Uwazi hurudi kwa sehemu, na ubongo huhitaji wiki kadhaa za mazoezi kuutumia. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo hutegemea muujiza siku ya kwanza, na asipouona hukata tamaa.

Nani anafaa kuvaa

Shirika la Afya Duniani hupanga upotevu wa usikivu kwa kuangalia sauti ndogo kabisa ambayo sikio bora la mtu linaweza kuisikia. Kuanzia desibeli 20 hadi chini ya 35 upotevu ni mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. 50 hadi chini ya 65 ni wa wastani uliozidi. 65 hadi chini ya 80 ni mkali. Na 80 hadi chini ya 95 ni mkali sana. Kuanzia 95 na kuendelea mtu huhesabiwa kuwa amepoteza usikivu kabisa au karibu kabisa. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili waliokaribiana hufikia takribani desibeli 60. Hivyo basi, mtu ambaye kiwango chake ni 55 husikia kwamba jirani anaongea, lakini maneno mengi humpita.

Kifaa cha nyuma ya sikio kinaweza kuhudumia karibu ngazi zote hizi, kwa kuwa kasha lake lina nafasi ya spika na betri zenye nguvu. Katika ngazi mbili za mwisho manufaa yake hupungua, na baadhi ya wagonjwa, hususan watoto wadogo, hupaswa kupelekwa kwa wataalamu kutathminiwa kwa ajili ya upandikizaji wa koklea, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017. Aidha, lugha ya alama ni lugha kamili, na mtoto kufundishwa lugha hiyo si ishara kwamba kifaa kimeshindwa. Mtoto anayekosa lugha yoyote katika miaka yake ya mwanzo ndiye anayepata hasara kubwa.

Faida

Faida ya kwanza ni nguvu na wigo. Kifaa kimoja chaweza kuwekwa upya kadiri usikivu unavyobadilika. Mgonjwa ambaye leo ana upotevu wa wastani na baada ya miaka michache akafikia ngazi ya ukali, mara nyingi hahitaji kununua kingine. Huhitaji kuwekewa upya kile alicho nacho, ikiwa kilichaguliwa chenye akiba ya nguvu.

Faida ya pili ni uimara. Vipuri vya umeme vimekaa nje ya mfereji wa sikio, mbali na nta na unyevu wa ndani. Katika vifaa vinavyoingia sikioni, nta huziba spika na ni miongoni mwa sababu kuu za kuharibika kwake. Katika kifaa cha nyuma ya sikio, nta huishia kwenye kizibo, na kizibo huoshwa kwa maji na sabuni.

Faida ya tatu ni kwamba sehemu zake hutengana. Mrija ukikauka, hubadilishwa mrija peke yake. Kizibo kikibana au kulegea, hutengenezwa kizibo kipya na kasha likabaki lilelile. Kwa mtoto jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mfereji wa sikio lake unakua. Kifaa ambacho umeme wake umefungwa ndani ya kizibo kingelazimu kutengenezwa upya chote kila sikio linapokua.

Faida ya nne ni urahisi wa kushika. Mzee mwenye vidole vinavyotetemeka au macho yaliyofifia huweza kubadili betri ya kifaa hiki kwa urahisi zaidi kuliko ya kile kidogo kinachozama sikioni. Mwalimu au mama, kwa upande wake, huweza kuona kwa macho kama mtoto amekivaa na kama kimewashwa.

Faida ya tano ni uwezo wa kuunganishwa na vifaa vingine. Vingi vina koili ya kupokea sauti ya simu moja kwa moja, na baadhi hupokea sauti kutoka kwenye maikrofoni anayoivaa mwalimu kifuani. Darasani faida hii ni kubwa, maana mahali pa wazi nguvu ya sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali kutoka kwa msemaji unapoongezeka mara mbili. Mtoto wa dawati la nyuma humsikia mwalimu kwa shida hata kifaa chake kikiwa kizima.

Kwa kuzingatia sababu za namna hii, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu teknolojia ya vifaa vya kusikia vinavyofaa nchi za kipato cha chini na cha kati, lilipendekeza aina ya nyuma ya sikio.

Upungufu

Upungufu wa kwanza ni kuonekana. Baadhi ya watu huona haya kukivaa hadharani, na baadhi ya wazazi hukivua sikioni mwa mtoto wakienda harusini au kwenye ibada. Hisia hizi zisidharauliwe. Mgonjwa aulizwe kuzihusu kabla ya kuchagua. Pamoja na hayo, kuonekana kuna upande wake mwema: msemaji akikiona hugeuka kumtazama mwenzake usoni na kutamka taratibu, na huo nao ni msaada wa kusikia.

Upungufu wa pili ni mluzi. Sauti iliyokuzwa ikivuja pembeni mwa kizibo, hurudi kwenye maikrofoni, hukuzwa tena, na mzunguko huo hutoa mlio mkali. Chanzo chake kwa kawaida ni kizibo kilicholegea, nta iliyojaa mferejini ikairudisha sauti nje, mrija uliopasuka, au sauti iliyopandishwa kupita kiasi. Mluzi ni dalili yenye chanzo kinachotafutika, na haumaanishi kwamba kifaa kimekufa.

Upungufu wa tatu ni mgonjwa kusikia sauti yake mwenyewe ikivuma kana kwamba anazungumza ndani ya mtungi. Hutokea pale kizibo kinapofunga mfereji wote kwa mtu ambaye bado anasikia vizuri sauti nzito. Hupunguzwa kwa kutoboa tundu dogo kwenye kizibo, au kwa kutumia mrija mwembamba wenye kofia laini iliyo wazi badala ya kizibo kamili. Lakini kadiri tundu linavyokuwa kubwa, ndivyo mluzi unavyokaribia. Mtaalamu hulazimika kupima kati ya mawili.

Upungufu wa nne hutokana na mahali maikrofoni ilipo. Sikio la nje limeumbwa kukusanya sauti kutoka mbele na kuielekeza ndani. Maikrofoni ya kifaa hiki imekaa juu ya sikio, hivyo hupoteza sehemu ya msaada huo. Upepo wa pwani au wa kwenye bodaboda huvuma ndani yake. Ushungi, hijabu na kilemba vikisugua kasha huleta mkwaruzo unaofunika maneno. Mvaaji ashauriwe kutumia kitambaa chepesi, kukifunga bila kukaza juu ya kasha, na kujaribu namna mbalimbali akiwa kliniki, ili kifaa kiwekwe akiwa amevaa kama anavyovaa siku zote. Simu nayo husikika vizuri ikipandishwa karibu na maikrofoni, si ikibandikwa kwenye tundu la sikio kama walivyozoea wengi.

Upungufu wa tano ni jasho na unyevu. Nyuma ya sikio ni mahali pa jasho, na katika miji kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa unyevu wa hewa huongeza adha. Matone hujikusanya ndani ya mrija yakaziba sauti, na chumvi ya jasho hula vishikizo vya betri. Mafuta ya nywele huziba matundu ya maikrofoni. Mahali pakavu kama Dodoma, vumbi huchukua nafasi ya unyevu. Vipo vifaa vilivyothibitishwa kwa alama ya IP68, inayoonesha kinga ya kiwango cha juu dhidi ya vumbi na maji. Ni vema alama hiyo iulizwe wakati wa kununua, ingawa haiondoi haja ya utunzaji.

Upungufu wa sita ni msongamano nyuma ya sikio. Anayevaa miwani, na pengine barakoa yenye kamba za masikioni, huweza kung'oa kifaa bila kujua anapovua kimoja kati ya hivyo. Miwani yenye mikono myembamba na barakoa ya kufunga kisogoni hupunguza hatari hiyo.

Kwa kulinganisha na aina nyingine

Kifaa kinachojaza sehemu ya nje ya sikio, au kinachozama ndani ya mfereji, huonekana kidogo na maikrofoni yake hukaa mahali pa asili. Hata hivyo, betri yake ni ndogo, nguvu yake ni pungufu, huathiriwa na nta, na hakiwafai watoto wadogo wala masikio yanayotoa usaha. Aina ambayo kasha lipo nyuma ya sikio na spika imetangulizwa ndani ya mfereji ni nyepesi na hutoa sauti safi, lakini spika yake hukabiliwa na nta na unyevu uleule. Kifaa cha kuvaa kifuani, chenye waya, ni cha zamani. Nguvu yake ni kubwa, ila maikrofoni husugua nguo na waya hukatika. Kwa mtu ambaye mifereji yake ya masikio haikufunguka tangu kuzaliwa, au ambaye masikio yake hayakomi kutoa usaha, kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa ndicho kinachofaa.

Wakati wa kusubiri

Mgonjwa asipewe kifaa kabla sikio lake halijatazamwa. Nta iliyoziba iondolewe kwanza. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza, kwa kuwa kizibo hufunga hewa na kuhifadhi unyevu, na usaha huongezeka. Mgonjwa aliyepoteza usikivu kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, anahitaji daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Kumsubirisha akipangiwa kifaa ni kumpotezea nafasi ya tiba. Vilevile apelekwe kwa daktari huyo mwenye maumivu ya sikio, kizunguzungu, damu kutoka sikioni, au upotevu wa usikivu wa upande mmoja usio na maelezo.

Mtoto na kizibo chake

Lengo linalokubalika kimataifa ni kwamba mtoto achunguzwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Mantiki yake ni kuwa ubongo hujenga njia za lugha mapema, na miezi iliyopita kimya hailipiki kwa urahisi. Mtoto anayefikishwa kliniki akiwa na miaka 4 kwa sababu ndugu walisema "wanaume huchelewa kuongea" amekwisha poteza muda ambao hakuna kifaa kinachoweza kuurudisha wote.

Baada ya kupata kifaa, kizibo ndicho huamua hatima. Mtoto mchanga huweza kuhitaji kizibo kipya kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na mtoto wa chini ya miaka 5 kila baada ya miezi mitatu hadi sita, ilhali cha mtu mzima huweza kudumu mwaka mmoja, miwili au zaidi. Mzazi anayeishi mbali na kliniki aelezwe jambo hili kabla ya kuchukua kifaa, apewe tarehe za kurudi, na afundishwe kutambua dalili ya kizibo kudogoka: mluzi kila mtoto anapotafuna au kucheka. Vizibo vya silikoni laini huwafaa watoto zaidi kuliko vile vigumu vya akriliki, kwa kuwa havivunjiki mtoto anapoanguka wala havichubui kwa urahisi.

Kila asubuhi mzazi au mwalimu afanye jaribio dogo la sauti sita, lililobuniwa na mtaalamu Daniel Ling. Akiwa amefunika mdomo na amesimama umbali wa mita moja hivi, atamke a, i, u, m, s, na sh, moja moja, na mtoto aitikie kila anaposikia au arudie alichosikia. Sauti hizi zimetandaa kutoka nzito hadi nyembamba katika matamshi ya binadamu. Mtoto aliyekuwa akiitikia zote, kisha leo akaikosa s, ametoa taarifa kwamba kuna kilichobadilika kwenye kifaa au kwenye sikio.

Betri: gharama isiyotajwa

Vifaa vingi vya nyuma ya sikio hutumia betri za zinki na hewa, zinazotambuliwa kwa namba na rangi ya kibandiko: 312 ni ya kahawia, 13 ni ya chungwa, na 675 ni ya buluu. Namba hizi ziandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, maana betri ya saa haiwezi kuchukua nafasi yake. Betri ya namba 13 hudumu takribani siku 7 hadi 14 kwa matumizi ya kila siku. Kwa hesabu nyepesi, hiyo ni kati ya betri 26 na 52 kwa mwaka kwa kila sikio. Kwa masikio mawili ni mara mbili yake. Familia inayopewa kifaa bila kuelezwa hesabu hii imepewa nusu ya habari.

Kibandiko kikiondolewa, hewa huanza kuingia na betri huanza kuishi. Iachwe dakika chache kabla ya kuwekwa ndani ya kifaa ili ipate nguvu kamili. Kibandiko kisiondolewe mapema kwa kujiandaa, kwa sababu kukirudisha hakuizuii betri kuisha. Usiku mlango wa betri uachwe wazi.

Vipo vifaa vya kuchaji, ambavyo huondoa usumbufu wa kutafuta betri lakini hutegemea umeme wa uhakika. Nchini Botswana, katika kijiji cha Otse, mafundi ambao wenyewe ni viziwi walitengeneza chaja ya mwanga wa jua kwa ajili ya betri za vifaa vya kusikia. Mfano huo unaonesha kwamba ufumbuzi waweza kuanzia katika mazingira ya watumiaji wenyewe.

Tahadhari moja haina mjadala: betri hizi ni hatari kwa watoto. Ikimezwa, au ikiingizwa puani au sikioni, huweza kuunguza nyama za mwili ndani ya saa chache. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, na kama betri imo sikioni au puani asiwekewe matone yoyote. Vifaa vya watoto viwe na mlango wa betri unaofungwa kwa kitasa maalumu.

Utunzaji wa kila siku

Kifaa kivuliwe kabla ya kuoga, kuogelea na kulala. Muumini anayechukua udhu akivue kabla ya kupaka maji masikioni, na akirudishe baada ya kukausha sikio. Usiku kifutwe kwa kitambaa kikavu na kuhifadhiwa, betri ikiwa imetolewa, ndani ya kopo lenye kifuniko kinachokaza pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kama vile vinavyopatikana ndani ya makopo ya dawa. Kisianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko.

Mara moja kwa wiki au zaidi, kizibo na mrija wake vitenganishwe na kasha, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vipulizwe maji yatoke, na viachwe vikauke usiku kucha. Kasha lenyewe kamwe lisioshwe. Mrija uliogeuka wa manjano na kuwa mgumu ubadilishwe. Kwa kawaida hufikia hali hiyo ndani ya miezi mitatu hadi sita, na katika joto hufika mapema.

Anayeanza kuvaa aanze na saa chache kwa siku katika chumba tulivu, akizungumza na mtu mmoja. Aongeze muda kidogo kidogo, kisha aende kwenye kundi, na sokoni au kituo cha mabasi pawe mwisho. Anayeanza na sokoni huchoka siku hiyohiyo. Familia nayo ina sehemu yake: kumkabili anayesikilizwa, kuzima redio, kusogea hadi umbali wa mita moja au mbili, na kutopiga kelele, kwa kuwa kelele huharibu matamshi.

Mgonjwa anaporudi na kusema hakifanyi kazi

Mhudumu wa zahanati hahitaji kompyuta ili kutatua matatizo mengi. Afuate mpangilio huu.

1. Atazame kama kifaa kimewashwa, betri imekaa upande sahihi, na kibandiko kimeondolewa. Aweke betri mpya.
2. Akifungie kifaa ndani ya viganja viwili. Kifaa kizima hupiga mluzi. Kikinyamaza, achomoe mrija wenye kizibo na ajaribu tena. Mluzi ukisikika sasa, kilichoziba ni mrija au kizibo.
3. Atazame mrija kama una matone ya maji au ufa, na tundu la kizibo kama lina nta.
4. Achungulie mfereji wa sikio kwa otoskopu. Nta au usaha ukiwapo, sikio lihudumiwe kwanza.
5. Atazame ngozi. Kidonda mahali kizibo kinapogusa ni sababu ya kukivua kwa muda na kukirudisha kizibo kikachongwe.
6. Hayo yote yakiwa sawa na bado hakuna sauti, ampe rufaa kwenda kituo chenye huduma ya usikivu, akiandika alichokagua.

Swali la mwisho, ambalo mara nyingi husahaulika, ni hili: "Kwa siku unakivaa saa ngapi, na ukiwa wapi?" Jibu lake humwambia mhudumu zaidi ya kile alichokiona kwenye kasha.

Hitimisho

Kwa watoto wote, kwa watu wazima wenye upotevu mkubwa wa usikivu, na kwa wazee wenye vidole vizito, kifaa cha nyuma ya sikio kwa kawaida ndicho chaguo la kwanza. Uimara wake, nguvu zake na kutengana kwa sehemu zake vinazidi kero ya kuonekana, ya upepo na ya jasho. Lakini faida hizo hazimo ndani ya kasha peke yake. Ziko katika kizibo kinachoenea sikio, katika betri inayopatikana pale anapoishi mgonjwa, na katika tarehe ya kurudi kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Kabla kifaa hakijatolewa, mambo hayo matatu yawe na jibu. Mgonjwa naye anayo haki ya kuyauliza: kizibo kikilegea nitakwenda wapi, betri nitanunua wapi na kwa kiasi gani, na nirudi lini? Mwenye majibu ya maswali hayo hana sababu ya kukifunga kifaa chake ndani ya leso.